Rangi ya Joto kwa Chumba cha Kulia Kinachotazama Ziwa Mweru

Aliyejenga Nchelenge akaweka dirisha kubwa upande wa ziwa anayo tayari rangi ya joto, tena haikumgharimu hata ngwee moja. Mji huu wa Zambia umekaa ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, hivyo jua lake huzama majini, upande wa Kongo: mwezi Juni kama saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mwezi Januari karibu saa kumi na mbili na nusu. Kabla halijazama, mwanga huingia chumbani ukiwa umelala, wa rangi ya chungwa, ukapanda ukuta wa ndani kabisa mpaka juu ya fremu ya mlango. Ukuta mweupe hugeuka dhahabu. Ukuta wa krimu huonekana umepakwa samli. Na ule uliopakwa chungwa lenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba aliambiwa chungwa ndiyo rangi ya joto, huwaka hadi wageni wakasogeza viti.

Ushauri mwingi uliomo kwenye vijitabu vya kampuni za rangi uliandikwa kwanza kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Huko chumba kinachotazama kaskazini hakioni jua, ni cha baridi, ndiyo maana huambiwa kipakwe manjano au pichi. Nchelenge iko nyuzi tisa na kidogo kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba. Dirisha la kaskazini hapa linaota jua miezi minane ya mwaka. Anayekifuata kijitabu neno kwa neno atakiongezea moto chumba ambacho tayari kinachemka, na kile chenye giza cha upande wa kusini atakiacha na weupe wake wa hospitali.

Ushauri wangu ni mmoja, na yote yatakayofuata yanatoka humo: rangi ya chumba cha kulia ichaguliwe kwa mwanga wa saa ya kula. Sebuleni tunakaa mchana kutwa, chumbani tunafumba macho. Chumba cha kulia kina kazi ya saa moja, labda moja na nusu, na kwa nyumba nyingi za Zambia saa hiyo ni jioni, kati ya kuzama jua na usingizi. Mchana watu wako sokoni Kashikishi, ziwani, shambani au ofisini, na waliobaki nyumbani hula uani chini ya mwembe. Kwa hiyo rangi inayopendeza saa sita mchana dukani haijathibitisha chochote.

Kuna atakayeuliza chumba cha kulia kimetoka wapi, katika nchi ambayo wanaume walizoea kulia kwenye insaka, kile kibanda cha wazi cha mazungumzo, na akina mama na watoto wakala jikoni. Swali la haki. Lakini nyumba zinazojengwa siku hizi, za tofali za kuchoma na bati, karibu zote zina meza ya watu sita iliyobanwa kati ya sebule na jiko, mara nyingi bila ukuta wa kuitenga. Kama yako iko hivyo, usihangaike kupaka eneo zima. Paka ukuta mmoja, ule ulio nyuma ya meza, uishie kwenye kona. Ukuta huo peke yake utamwambia mgeni kwamba hapa ndipo panapoliwa, na rangi iliyobaki ya sebule itaendelea na shughuli zake.

Tuanze na ziwa, maana ndilo linalowadanganya watu zaidi. Jua likiwa utosini, maji matulivu hurudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga wake, uliobaki unazama. Likishuka hadi nyuzi tano hivi juu ya upeo, maji hayohayo hurudisha zaidi ya nusu. Kwa hiyo chumba kinachotazama Mweru jioni kina majua mawili, moja la angani linalopiga ukuta wa nyuma, na jingine la majini linalopiga juu kidogo ya hapo, na dari pia. Ziwa lenyewe lina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 5,000, si kioo kidogo. Chumba cha namna hiyo hakihitaji rangi ya kukitia joto. Kinahitaji rangi inayoweza kulipokea joto hilo bila kupiga kelele, kisha ikabaki na uhai kidogo jua likishaondoka.

Msomaji wa Kilwa ya Kongo (si ile ya Lindi, wala kile kisiwa cha upande wa Zambia chenye jina hilohilo) ageuze maneno haya kichwa chini. Yeye yuko ukingo wa magharibi. Ziwa linamletea mwanga asubuhi, wakati wa chai, na jioni dirisha lake la ziwani liko kivulini. Anaweza kuthubutu rangi nzito kuliko jirani yake wa Nchelenge. Mtu wa Kigoma na wa Musoma afuate kanuni ya Nchelenge, kwa kuwa naye huona jua likizama majini. Wa Kalemie na wa Bukoba wafuate ya Kilwa.

Kisha jua linazama, na katika latitudo hizi giza halina subira. Chakula kingi cha jioni huliwa kwa taa, na taa yenyewe imebadilika. Mwaka 2024, ukame ulipolishusha ziwa la Kariba, linaloipa nchi umeme, na Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari, mgawo wa umeme uliifundisha Zambia nzima kula kwa taa ya sola. Nyingi za taa hizo za bei nafuu hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu, wa kelvini 6,000 na zaidi. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi au kwenye kitako cha balbu, na kadiri inavyopungua ndivyo mwanga unavyokuwa wa manjano. Balbu ya kelvini 2,700 hadi 3,000 inakaribia mwanga wa zile balbu za zamani za waya. Chini ya taa ya 6,500, manjano huelekea kijani cha limau, pichi hufifia ikawa kijivu, na wekundu wa tofali hugeuka kahawia ya kuchosha, kwa sababu taa za aina hiyo hutoa wekundu kidogo sana wa kurudishwa na ukuta.

Jicho nalo lina ujanja wake. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia wa karne ya 19, aliona kwamba maua mekundu yanayong'aa mchana huwa meusi alfajiri, wakati majani yake ya kijani bado yanaonekana vizuri. Mwanga ukipungua, jicho hupoteza wekundu kwanza. Hapo ndipo ilipo siri ya vyumba vingi vya kulia vilivyopakwa ile nyekundu iliyoiva tunayoiita damu ya mzee: mchana vinavutia, usiku umeme ukikatika na taa moja ndogo ikiwekwa mezani, kuta nne zinakuwa shimo. Unamwona mwenzako uso, nyuma yake huoni kitu.

Kwamba taa ya usiku ndiyo inayoamua ukuta, watu wa kale walilijua kwa uzoefu. Mwaka 2024 wachimbaji wa Pompeii, Italia, walitangaza kwamba wamefukua ukumbi mkubwa wa karamu wenye kuta nyeusi, na maelezo yao ni kwamba weusi ule ulikusudiwa kuficha moshi wa taa za mafuta zilizowashwa giza lilipoingia. Sisemi upake chumba chako cheusi. Nasema mwenye ukumbi ule alikaa akafikiria taa yake kabla ya kufikiria ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kununua rangi nunua balbu. Ni gharama ndogo kuliko zote katika kazi hii na ndiyo inayobadilisha zaidi. Tafuta ya kelvini 3,000 au chini, ya umeme na ya sola, uziweke mahali zitakapokuwa siku zote. Ikiwa taa yako ya sola ni ile iliyokuja na mtambo na haibadilishiki, basi ukubali kwamba ukuta wako utaonekana kwa mwanga wa baridi, uongeze manjano ya udongo kidogo katika rangi unayoichagua.

Rangi zipi, sasa? Mimi ni mtu wa rangi za udongo, na sababu zangu si za mapenzi tu. Udongo mwekundu wa mkoa huu wa Luapula umepata wekundu wake kutokana na oksidi ya chuma, na oksidi hiyohiyo, nyekundu, ya manjano au ya kahawia, ndiyo kiini cha rangi za udongo zinazotoka kiwandani. Haichujuki juani. Hailiwi na chokaa wala saruji. Manjano na nyekundu nyingine zinazong'aa sana, zilizotengenezwa kwa kemikali za aina nyingine, hupauka zikipigwa na jua la jioni kila siku, na ukuta wa ndani wa nyumba ya Nchelenge hupigwa kweli. Tena kuna vumbi. Miezi ya kiangazi barabara hutoa vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, na ukuta uliokwisha kuwa na rangi ya vumbi hilo hauna la kuficha.

Wala si ugeni. Katika nchi ya Wabemba, mashariki ya hapa, mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards alishuhudia unyago wa wasichana, chisungu, mwaka 1931, na katika kitabu chake cha 1956 alieleza michoro ya ukutani iliyokuwa sehemu ya mafunzo hayo. Kupaka ukuta kwa udongo mweupe na mwekundu ni kazi ambayo akina mama wa vijijini wanaifanya hadi leo, na ukipita njia ya Mwansabombwe kuelekea ziwani utaona nyumba zenye mkanda wa udongo mzito chini na mwepesi juu. Nitaurudia mkanda huo, maana una akili.

Kwa chumba kinachotazama ziwa, nenda kwenye nyeupe iliyotiwa udongo: rangi ya unga wa muhogo uliokauka vizuri na kuwekwa tone la manjano ya udongo. Mchana itaonekana ya kawaida, karibu ya kuchosha. Saa kumi na mbili itakuwa kitu kingine. Kwa chumba kinachotazama barabara au ua, ambacho jioni hakipati jua, unaweza kupanda ngazi moja au mbili: rangi ya mawese yaliyochanganywa na maziwa mengi, au tofali la kuchoma lililofifishwa. Kutu na tofali lenyewe viache kwa ukuta mmoja, ule wa nyuma ya meza. Na kijivu chenye wekundu kidogo, ambacho wauza rangi wanakisifu sana siku hizi, sikipendi kwa chumba cha kulia. Chini ya taa ya sola hugeuka rangi ya majivu ya jana.

Kuna hoja inayorudiwa na kila muuzaji, kwamba nyekundu huamsha hamu ya kula. Siiamini. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kinyume kwa vyombo: watu waliowekewa vitafunio kwenye sahani nyekundu walikula kidogo kuliko waliowekewa kwenye sahani za rangi nyingine. Ukuta si sahani, nakubali, lakini hiyo inatosha kumnyamazisha muuzaji.

Cha maana zaidi ni chakula chenyewe kinavyoonekana. Fikiria kilichomo mezani Nchelenge: nshima ya muhogo, nyeupe yenye ukijivu; chisense, dagaa wa ziwa hili, waliokaangwa na nyanya, fedha iliyogeuka kahawia; samaki aitwaye pale, wa kuchemsha; katapa, ile mboga ya majani ya muhogo ambayo ng'ambo wanaiita sombe na Watanzania kisamvu, kijani kizito. Chakula hiki ni kizuri mbele ya udongo na krimu. Mbele ya manjano kali, nshima hupata ubuluu, kwa kuwa jicho likishiba manjano huiona nyeupe iliyo karibu nayo kuwa ya baridi. Na ikiwa meza yako hufunikwa kwa chitenge chenye maua na ndege wa kila rangi, ukuta ndio unaotakiwa kunyamaza.

Sasa kujaribu. Kadi ndogo za dukani hazifai kwa uamuzi, kwa sababu moja ambayo watu wengi hawaitarajii: rangi ikizunguka kuta nne, ukuta mmoja humulika mwenzake kwa rangi hiyohiyo, na wote huonekana wakali zaidi ya kadi. Rangi za joto hufanya hivyo kuliko zote. Ukipenda namba ya tatu kwenye kadi, nunua ya pili, iliyo nyepesi zaidi.

Nunua kopo dogo kabisa. Chukua kipande cha siling bodi au kadibodi nene, chenye upana na urefu wa nusu mita au zaidi, ukipake mara mbili ukiacha ukingo mweupe wa vidole viwili pembeni ili jicho lipate cha kulinganisha. Usipake moja kwa moja ukutani juu ya rangi ya zamani, kwani ile ya zamani itakuwa inakupotosha kandokando. Kipande hicho kisimamishe juu ya kiti nyuma ya meza, kiegemee ukuta, katika kimo cha mtu aliyeketi, si cha mtu aliyesimama. Kisha keti mahali unapoketi kula. Tazama saa kumi na moja na nusu, mwanga wa ziwa ukiwa umefika. Tazama tena saa moja usiku kwa umeme, uzime, uwashe ile ya sola. Weka mbele yake sahani halisi yenye chakula halisi. Mketishe mtu wa nyumbani mbele ya kipande hicho uangalie ngozi yake: rangi nzuri ya chumba cha kulia huufanya uso mweusi uonekane wenye afya, joto na mng'ao, rangi mbaya huupaka majivu. Hilo kwangu ni kipimo kikubwa kuliko chakula, maana tunakula tukitazamana. Jioni inayofuata kihamishe kipande kwenye ukuta wa dirisha, ambao daima ni wa giza zaidi, urudie.

Usiamue siku ya kwanza. Jioni ya mawingu ya Februari na jioni kavu ya Agosti zina mianga miwili tofauti. Ukiweza kuziona zote mbili, vizuri, usipoweza, chagua kwa ile ya kiangazi, kwani ndiyo kali.

Dari watu huisahau. Nyeupe ya theluji juu ya kuta za udongo huonekana ya buluu, hasa kwa taa ya baridi. Chukua rangi ya ukuta, mwambie fundi aichanganye kwenye nyeupe ya dari, sehemu moja kwa tisa au kumi, na dari na kuta zitapatana. Nyumba isiyo na dari, yenye bati wazi, itapata faida kubwa kwa kuwekewa dari kuliko kwa rangi yoyote. Hilo fedha ikipatikana lifanye kwanza. Sakafu nayo, kama ni ya saruji iliyosuguliwa polishi nyekundu kama zilivyo nyingi, hutupa wekundu wake kwenye futi ya chini ya ukuta. Ihesabu kuwa ni rangi ya joto uliyo nayo tayari.

Kuhusu mng'ao: rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta na hulainisha lile jua la majini, lakini huchafuka na haipendi kusuguliwa. Ile ya kung'aa sana huoshwa kwa urahisi na humrudishia mlaji jua machoni. Hapo ndipo ule mkanda wa nyumba za vijijini unapotuokoa. Kuanzia sakafuni hadi kama sentimeta 90, pale migongo ya viti inapogonga, mikono ya watoto inapopita, na maji ya birika yanaporuka wakati wa kunawishana, paka rangi nzito ya udongo yenye mng'ao wa wastani inayooshwa. Juu yake paka ile nyepesi isiyong'aa. Mstari wa mpaka upigwe kwa uzi na pima maji. Mkanda uliopinda hauwezi kusamehewa na mtu aliyeketi mbele yake kila jioni.

Ukuta wenyewe uwe tayari. Plasta mpya ya saruji ingoje wiki nne walau. Saruji mbichi huila rangi ya mafuta ikawa kama sabuni inayonata, na hutoa chumvi nyeupe inayosukuma rangi ya maji itoke. Kujua kama umekauka, gundisha kipande cha nailoni ukutani pande zote nne, ukiache siku nzima. Kikiwa na jasho ndani, ngoja. Nyumba za karibu na maji huvuta unyevu kutoka chini, na hakuna rangi inayoponya unyevu huo. Tengeneza mtaro wa nje kwanza. Nyumba iliyopigwa udongo wa kichuguu badala ya saruji usiipake rangi ya plastiki, ile PVA ya madukani. Itabanduka vipande vizima. Paka chokaa iliyochanganywa oksidi nyekundu au ya manjano, nyembamba, mara tatu au nne. Itapumua pamoja na ukuta, na kwa macho yangu inapendeza kuliko rangi nyingi za ndoo.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha. Rangi za joto zina hatari yake: manjano kali, chungwa na nyekundu za rangi ya mafuta kwa muda mrefu zilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na katika nchi nyingi bado zinauzwa. Kiwango ambacho Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakihimiza ni sehemu 90 za risasi kwa milioni, isizidi. Zambia haina haja ya kufundishwa madhara ya risasi. Mgodi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994 na hadi leo udongo wa mitaa iliyouzunguka unawadhuru watoto. Nunua rangi ya maji ambayo kopo lake limeandika wazi kwamba haina risasi. Na kama unaikwangua rangi ya mafuta ya zamani, usiipige msasa mkavu: ilowanishe, watoto wakae kwa jirani, vumbi lizolewe kwa kitambaa kibichi na si kwa ufagio.

Hesabu ya kiasi ni nyepesi. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7, kina ukuta wa kama mita za mraba 40; toa mlango na madirisha, zinabaki 35. Kupaka mara mbili ni 70. Lita moja hufunika kama mita za mraba 8 hadi 10 kwenye plasta laini, kwa hiyo lita 8 hivi, yaani makopo mawili ya lita 5. Plasta ya kukwaruza hunywa zaidi. Nunua yote siku moja, yenye namba moja ya mchanganyo kwenye mfuniko. Rangi nyingi za hapa husafiri kutoka Ukanda wa Shaba, zikapita kipande cha Kongo na daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, hadi Mansa ndipo zije ziwani. Ukipungukiwa lita moja, lori lijalo linaweza kuleta udongo ambao si ndugu wa ule wa kwanza. Mwaga makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, ukoroge, ndipo uanze.

Limebaki la wakati, nalo Nchelenge lina sheria yake. Wilaya hii ni miongoni mwa zenye malaria kali kuliko zote Zambia, na mbu anayetawala, Anopheles funestus, hupenda kupumzika ukutani ndani ya nyumba akishashiba. Ndiyo maana kuta hupuliziwa dawa, kwa kawaida kuanzia karibu na Septemba kabla ya mvua kukolea. Ukipaka rangi baada ya hapo umeifunika dawa, na ukuta wako mzuri haumuui mbu yeyote. Baadhi ya dawa huacha madoa meupe, nayo huonekana mno kwenye ukuta wa giza na kidogo sana kwenye udongo mwepesi. Sababu nyingine ya kuiacha damu ya mzee dukani. Paka kati ya Mei na Agosti, hewa ikiwa kavu na plasta imekauka. Septemba ikikukuta makopo hayajafika, acha ukuta ulivyo hadi Mei ijayo, na wapuliziaji wakibisha hodi, sogeza meza, toa vyombo na chakula nje, uwaache wapulize kuta zote.